Walimu Kumi na Wawili na Bahasha Zao

Chuoni, 4 Februari

Wifi yangu,

Nimefika. Nimepewa kitanda cha juu, na chini yangu analala mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ambaye hukoroma kama mtu anayesahihisha insha mbaya. Mengine ni mazima.

Sikiliza vizuri maana sitarudia. Unajua kilichonileta. Ule waraka wa viwango vipya vya taaluma ya ualimu, ambao uliupiga chapa wewe mwenyewe nakala kumi na tatu, unasema kuanzia mwakani hakuna atakayekalia kiti cha mwalimu mkuu bila cheti cha uongozi. Nimekikalia miaka kumi na mmoja, sasa naambiwa nikakisomee. Kozi ni miezi sita. Nikifeli narudi kuwa mwalimu wa kawaida, na kiti anakichukua Naibu, ambaye cheti hicho alikipata zamani, mtu ambaye tangu nimfahamu hajawahi kupanda ngazi za ofisi yangu bila kupumzika katikati.

Kwa hiyo wewe ndiye macho yangu. Simu iko mezani kwa Naibu, usiiguse. Andika. Nataka kujua nani anachelewa, nani ana andalio la somo na nani anabahatisha. Mwalimu wa michezo mwangalie zaidi ya wote, maana akiachwa peke yake somo la sayansi linageuka kuwa habari za mpira. Mimi niliingia kila darasa kila siku, na mwalimu akianza kusuasua nilichukua chaki nikamalizia. Sasa nani atawamalizia?

Mwambie kaka yako pasi ya moto haiachwi juu ya shati hata kama redio inatangaza mabao.

Wifi yako,
Mwalimu Mkuu


Ofisi ya shule, 15 Februari

Kwa Mwalimu Mkuu, ambaye pia ni wifi yangu (nimetanguliza cheo usije ukasema nimekusahau),

Shule ipo. Paa lipo, watoto wapo, na mimi nipo palepale kwenye meza yangu kati ya mlango na kabati, mahali ambapo mtu humwona kila anayeingia na humsikia kila anayetoka akinung'unika. Unanijua: hapa nilianza na ufagio, nikajifunza lugha ya barua za kiofisi kwa kuziokota kwenye kapu la taka. Aliyesoma kwa njia hiyo hapitwi na jambo.

Umeuliza nani anachelewa. Jibu ni saa ya ukutani. Iko nyuma dakika nane tangu uondoke, na ufunguo wa kuijaza umeondoka nao. Naibu ameamua shule nzima ifuate saa hiyo hiyo, kwa hiyo kwa sasa hakuna anayechelewa.

Wiki ya kwanza kulikuwa na jambo la ajabu kidogo. Kila darasa, kipindi kikifika katikati, mwalimu alinyamaza akageuka kuangalia mlango. Watoto nao wakaangalia mlango. Nilipita na daftari la mahudhurio nikakuta madarasa manne yananitazama mimi kwa matumaini, kisha yakakata tamaa. Labda wamekukumbuka.

Kuhusu kukagua madarasa, Naibu amepata njia yake. Aliniita akanyoosha mguu juu ya kiti.

"Karani, mimi na ngazi hizi hatujapatana. Mwenye kipindi huru akakae nyuma ya darasa la mwenzake, halafu aje aniambie kaona nini."

"Na wewe utafanya nini, Naibu?"

"Nitasikiliza. Kusikiliza hakutumii goti."

Basi ndivyo tunavyoongozwa. Mwalimu wa michezo juzi alikaa kipindi kizima kwa Bi Herufi wa darasa la kwanza, amejikunja kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika masikioni.

Kaka amezima pasi. Shati limekwisha kufa lakini.

Wifi yako,
Karani


Chuoni, 26 Februari

Wifi,

Pale kwenye mlango nimepasoma mara tatu. Sikutegemea. Unamsimamia mtu miaka yote ukidhani anakuona mkoloni, kumbe ukiondoka anatazama mlango. Nimemsomea jirani yangu wa kitanda cha chini, akasema, "Una bahati, mwenzangu. Wangu wamefanya sherehe."

Ila hilo la Naibu halifai hata kidogo. Walimu wakaangaliane ili iweje? Kesho utasikia fulani kamsema fulani, na chumba cha walimu kitakuwa soko. Ukaguzi ni kazi ya mwenye dhamana. Nimeambatanisha agizo lenye sahihi yangu: zoezi hilo lisimame mara moja. Mpe mkononi.

Sasa kubwa zaidi. Nusu ya alama za kozi hii zinatokana na madodoso. Kila mmoja wetu anawatumia walimu wake karatasi ya maswali kumi kuhusu uongozi wake. Hakuna jina. Mwalimu anajaza, anatia kwenye bahasha, anafunga mwenyewe. Nimekutumia kumi na mawili, Naibu naye ajaze, maana anafundisha. Kazi yako ni kugawa, kukusanya na kuposti. Usifungue. Nakujua, kwa hiyo narudia: usifungue.

Maswali ameyatunga mkufunzi wetu, mtu mkimya ambaye humuuliza mtu swali kisha huanza kufuta miwani yake mpaka mtu aseme asichotaka kusema. Mimi simwogopi. Walimu wangu nawajua.

Mwalimu Mkuu


Ofisi ya shule, 12 Machi

Wifi mpendwa,

Yamekamilika yote kumi na mawili, nayo yamo humu. Ukiona gundi ya bahasha imezidi kidogo, ni kwamba safari hii tuliletewa gundi nzito.

Sitasema kilichomo kwa sababu sijui. Ila niliwaona nyuso walipokuwa wakijaza, na kama nyuso ni maandishi, basi umependwa.

Lile agizo la Naibu liko mahali salama kabisa.

Hapa hakuna jipya. Watoto wa darasa la sita wametengeneza mapafu kwa maputo na mirija, na yanapumua. Wamemwita mpaka mpishi aje kuyaona. Usiulize nani aliwafundisha, hutaamini, na mimi sina nguvu ya kubishana kwa posta.

Kaka anakusalimu. Anasema chumvi huwekwa mwanzo au mwisho? Amejaribu kote kuwili siku moja.

Karani


Chuoni, 20 Machi

Wifi yangu wa maana,

Ningekuwa na mabawa! Mkufunzi ametukabidhi bahasha tusome wenyewe kwanza kabla ya kumrudishia. Mmoja ameandika kwamba mimi ni nguzo. Mwingine, dira. Mwalimu wa michezo (ni yeye tu, kaandika kwa wino wa kijani) anasema uongozi wangu ni "shupavu na wenye upeo". Mimi nilidhani yule hajui neno refu kuliko penalti! Nimemkosea miaka yote hii.

Jirani yangu wa chini amepata karatasi tatu tupu na moja yenye mchoro wa chui. Nilimfariji kwa unyenyekevu mkubwa.

Nitafaulu, Wifi. Anza kunitolea vumbi kiti.

Mwalimu Mkuu


Chuoni, 2 Aprili

Karani,

Hakuna kitabu.

Swali la saba lilisema: "Eleza unavyonufaika na kitabu cha mrejesho kilichopo ofisini kwa kiongozi wako, ambamo walimu huandika maoni yao." Mimi nililisoma, nikadhani linahusu shule nyingine, nikalipita. Leo mkufunzi ameniita. Amefuta miwani weee, halafu akasema hakuna shule hata moja kati ya zetu yenye kitabu hicho. Amekiweka makusudi, ili ajue ni nani aliyejijazia mwenyewe.

Walimu wangu wote kumi na wawili wamekisifu kitabu hicho. Wawili wamesema hukijaza kila Ijumaa. Mmoja amesema kina jalada la bluu.

"Mwalimu Mkuu," akaniambia, "ama una kitabu usichokijua, ama una walimu usiokuwa nao."

Anaamini nimejijazia. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nilete majibu ya kweli, yaliyoandikwa na walimu wenyewe, au nifungashe. Hakuna cheti, na mwakani kiti ni cha Naibu.

Sasa niambie ulifanya nini. Usinichekeshe. Niambie tu.


Ofisi ya shule, 9 Aprili

Wifi,

Nilifungua.

Nilichemsha birika kwa ajili ya chai, bahasha zilikuwa karibu, na mvuke hauna adabu. Nilitaka kuona moja tu. Nikasoma moja. Kisha nikazisoma zote nikiwa nimesimama, chai ikapoa, na nilipomaliza nikajua siwezi kukuposti vitu vile wewe uliye peke yako huko, kwenye kitanda cha juu.

Nikapiga chapa nakala mpya kumi na mbili za dodoso. Mwandiko wa kila mwalimu naujua kama ninavyoijua milango ya kwetu. Miaka saba nimekuwa nikisoma sahihi zao za asubuhi. Nilibadilisha kalamu, nikabadilisha mkono, wino wa kijani niliuazima kwa mwalimu wa michezo mwenyewe nikamwambia nachora ratiba. Siku mbili nzima. Kazi yenyewe, ukiacha kwamba ni kosa, ilikuwa safi.

Unauliza kitabu. Wifi, karatasi imetoka kwako, imesema kitabu kipo. Nikatazama kwenye rafu, hakipo. Nikatazama tena. Halafu nikajiambia, yeye akisema kipo, mimi nani niseme hakipo? Jalada la bluu nililiongeza ili kisionekane cha bei rahisi.

Sasa nisikilize na mimi. Mwandikie mkufunzi kwamba karani wako ndiye mhalifu. Nitasaini. Wanifukuze, nitarudi kwenye ufagio, mkono haujasahau. Omba madodoso mapya, nami nitawaambia walimu waandike kwa huruma kidogo.

Lakini zile za kweli usiniombe. Zipo. Sikuzichoma. Ila usiniombe.

Karani


Chuoni, 14 Aprili

Wifi,

Hakuna kuandika kwa huruma. Zitume zote, kama zilivyo, kwa posta ya haraka.

Jina lako sijalitaja na sitalitaja. Ulikuwa unafanya kazi kwenye ofisi yangu, kwa hiyo kosa ni la ofisi yangu. Hilo tumelisoma hapa wiki ya pili, nami nililiandika kwenye daftari nikidhani ni sentensi tu.


Ofisi ya shule, 19 Aprili

Wifi,

Zimo humu. Usizisome peke yako. Yule anayekoroma awe karibu.

Na kwa kuwa leo nimeshavuka mto, nimalizie. Agizo lako la kumzuia Naibu sikulipeleka. Liko chini ya karatasi za kaboni. Nilikuwa nikilitoa kila Jumatatu nalitazama, kisha naona walimu wanashuka ngazi wawili wawili wakibishana juu ya sehemu na desimali, watu ambao zamani walikuwa wakizungumza kuhusu mvua tu, nalirudisha. Bi Herufi sasa ana kiti maalumu cha wageni nyuma ya darasa lake, na kinapiganiwa. Jana mwalimu wa hesabu alimwambia mwenzake mbele yangu, "Pale kwenye kutoa kwa kuazima umewapoteza, hata mimi nimepotea." Nikangoja ngumi. Mwenzake akasema, "Wewe ungefanyaje?" Wakarudi juu wote wawili.

Sikukuandikia haya kwa sababu kila nilivyoyaandika yalisomeka kama kwamba tuko vizuri bila wewe. Nikayachana. Nikakuandikia habari za pasi.

Karani


Ofisi ya shule, 5 Mei

Wifi,

Siku kumi na sita. Posta wamenizoea sasa, mwenye dirisha akiniona anatikisa kichwa nikiwa bado barabarani. Kaka naye anauliza mara mbili kwa siku, na nikimjibu anakwenda kupunguza majani ya ua ambayo aliyapunguza asubuhi.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama umefukuzwa, sema nije kukubebea sanduku. Tarehe ya mwisho ilishapita na mimi hapa napiga chapa ratiba ya mitihani, nimekosea neno "Jumatano" mara tatu.

Naibu ameniuliza kama una habari yoyote. Nikamtazama usoni nione anaombea nini. Ana uso kama mlango wa benki yule.

Andika hata mstari.

Karani


Chuoni, 16 Mei

Wifi yangu,

Sikufukuzwa. Na nilikasirika, wiki nzima, ila kila nilipotafuta wa kumkasirikia nilimkuta ni mmoja yule yule na ana nguo zangu.

Swali la nne liliuliza: "Kiongozi wako alipoingia darasani kwako mara ya mwisho, ulijifunza nini?" Nakunakilia, ingawa unazijua.

"Kwamba yeye anajua."

"Kwamba hata nikipatia, atachukua."

"Nimefundisha miaka tisa hapa na sijawahi kumaliza somo. Siku hizi huandaa nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili naangalia mlango."

Mlango, Wifi. Na mimi nikawatangazia watu bwenini kwamba wamenikumbuka.

Swali la saba: tisa wamesema hakipo. Wawili wameacha wazi. Mmoja ameandika, "Hakipo. Kingekuwepo angekijaza mwenyewe." Hapo jirani yangu alicheka mpaka kitanda kikalia, akaomba radhi, akacheka tena.

Kuna moja nililoliweka pembeni. "Mwanangu alipolazwa alifundisha darasa langu wiki tatu, hakumwambia mtu. Nilitaka kumshukuru. Lakini hangoji mtu amalize sentensi."

Mkufunzi alinitaka nizisome zote kwa sauti mbele ya wenzangu ishirini. Nikaanza. Kila nikifika mahali pananichoma nasimama kueleza: huyu hakuelewa, yule nilikuwa namsaidia. Mara ya tatu jirani yangu akasema kutoka nyuma, "Mwenzetu, waache wamalize." Darasa likacheka. Nikacheka nami. Halafu ikabidi nitoke nje nikasimame kidogo karibu na bomba.

Nikarudi nikasoma mpaka mwisho.

Mkufunzi akasema majibu mabaya hayamfelishi mtu hapa, ya uongo ndiyo yanayofelisha, na kwa kuwa ya uongo yalitangulia, nina deni la ukweli. Sharti lake ni hili. Niandike ukurasa mmoja wa nitakavyoongoza nikirudi. Walimu wasomewe, kisha kila mmoja aandike jina lake kamili, aseme ndiyo au hapana, na sababu. Hakuna bahasha safari hii. Ndiyo zikifika saba napata cheti. Zisipofika, kiti ni cha Naibu. Nimekatazwa kumwandikia mwalimu yeyote kumbembeleza.

Na wa kuwasomea ni Naibu. Ndiyo, yeye, ambaye nikikataliwa ndiye anayefaidika. Nilimwambia mkufunzi hilo. Akafuta miwani.

Ukurasa wangu ni huu, umeambatanishwa na fomu. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa sita. Iliyobaki inasema: nitaingia darasani kwa kualikwa, nitakaa nyuma na kunyamaza mpaka kengele ilie, walimu wataendelea kutembeleana na sitaomba ripoti, na mara moja kila muhula nitafundisha mimi, na wao ndio watakaokaa nyuma na kuniambia walichokiona.

Lile agizo lichane. Usichane fomu.

Siwezi kukaa, siwezi kulala, chakula nakigeuza geuza tu. Miaka kumi na mmoja nimewapa watu alama. Sikujua kungoja kukoje.

Mke wa kaka yako


Ofisi ya shule, 30 Mei

Wifi,

Nitakusimulia kwa mpangilio, usiruke kwenda mwisho. Nakujua.

Ijumaa saa tisa kila mtu alikuwa chumba cha walimu. Mimi nilijipa kazi ya kupanga vikombe, kazi isiyokwisha ukiamua. Naibu akasoma ukurasa wako polepole, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa namfuatilia kwa nakala yangu. Hata koma aliipa haki yake.

Kisha akaiweka fomu mezani.

Bi Herufi akaanza. "Kunyamaza mpaka kengele? Huyu? Mimi nitamwalika kesho yake, nilione jambo hilo kwa macho yangu."

"Ataweza dakika tano," mwalimu wa hesabu akasema.

"Tano ni mwanzo. Mtoto wa darasa la kwanza simpi zaidi ya tano siku ya kwanza."

Akaandika ndiyo. Sababu yake: "Ameuliza." Baada yake wakaja wengine watano, ndiyo, kila mmoja kwa yake. Yule mwenye mtoto aliyelazwa aliandika nusu ukurasa, akajaza mpaka nyuma ya fomu, na hakuna aliyemkatiza.

Lakini na hapana zilikuwepo, Wifi, sitakudanganya tena. Zilikuwa nne, halafu mwalimu wa michezo akasimama.

"Mwaka jana nilikuwa nafundisha mapafu," akasema. "Nilikuwa nimepatia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepatia, najua mwenyewe nilivyojiandaa. Akaingia, akachukua, akaanza upya. Watoto wakanitazama. Sasa mnaniambia ameandika ukurasa. Mimi hapana."

Akasaini majina yake yote matatu kwa wino wa kijani. Na hakuna aliyemwambia kakosea, maana hakukosea.

Ndiyo sita. Hapana tano. Kimebaki kidole kimoja, cha Naibu.

Naibu akaikunja fomu, akaiweka mfukoni. "Nitaisoma nyumbani, kwa miwani." Miwani alikuwa ameivaa.

Jumamosi, Jumapili, Wifi. Nilifua mapazia. Nilifua mapazia ya kwenu pia. Kaka akaniuliza kuna msiba gani. Nilikuwa nafikiria kwamba mtu akiandika neno moja tu la herufi sita, Jumatatu anaamka mwalimu mkuu, na hakuna atakayemlaumu. Walimu wanamsikiliza, madarasa yanakwenda, na alichofanya chote ni kukaa.

Jumatatu aliingia kabla yangu. Nilimkuta amesimama chini ya ngazi, anaziangalia kwenda juu.

"Karani, ni ngapi hizi?"

"Ishirini na mbili, Naibu."

"Nimezipanda jana. Nilikuja kanisani nikapitia hapa, nikazipanda, nikakaa kwenye kiti chake." Akasugua goti. "Kiti kizuri. Dirisha linaona uwanja wote."

Nikasema moyoni, basi, kwisha habari.

"Nikakaa pale robo saa," akaendelea, "nikajikuta nahesabu nani amechelewa. Jumapili! Shule tupu!" Akatoa fomu, akaiweka mezani kwangu. "Hapa chini wananijia wenyewe. Kule juu ningeanza kuwaita."

Ameandika ndiyo. Sababu yake, naikopi kama ilivyo: "Arudi kwa ukurasa wake. Siku atakayouvunja nitamwambia mimi mwenyewe, ana kwa ana, hata kama itabidi nipande." Halafu jina, halafu tarehe.

Saba, Wifi. Kaa chini kama umesimama.

Sijamaliza. Mwalimu wa michezo alipopata habari alikuja mezani kwangu, nikadhani amekuja kugomba. Akauliza, "Akifika, hiyo ya kufundisha yeye na sisi tukae nyuma, ni kweli?" Nikasema imeandikwa. "Basi aanze na darasa la sita," akasema, "na mimi nitakaa mbele kabisa." Hakutabasamu. Uje ukijua hilo.

Fomu naiposti leo mwenyewe, bahasha nimeifunga mbele ya Naibu na Bi Herufi, na birika nimelipeleka jikoni kwa mpishi.

Jambo moja tu. Fomu ya mkufunzi wako ina mistari kumi na miwili. Mimi si mwalimu, hakuna aliyeniuliza. Lakini nimekaa kwenye mlango wako miaka yote hiyo, na nilisifu kitabu kisichokuwepo kwa sababu wewe ulisema kipo. Nimechukua rula, nikachora mstari wa kumi na tatu, nikaandika jina langu kamili na maneno mawili. Mkufunzi akiyakata kwa kalamu, yasome hapa:

Anatisha. Arudi.

Wifi yako,
Karani